Mchanga wa Kulazia Chupa

Nina tabia moja ambayo wanangu wanaicheka. Nikipewa soda ya chupa ya plastiki, kabla sijaifungua naibonyeza kwanza ubavuni kwa kidole gumba. Nikikuta imeanikwa juani mbele ya duka na ubavu umekaza, nairudisha na kuomba nyingine. Mwenye duka hapa jirani na kwangu, Musoma, ameshanizoea. "Mama, hiyo soda haiumi," ananiambia. Sibishani naye. Huwa nimetoka kazini, miguu imevimba, sina nguvu ya kumsimulia kijana wa umri wake habari za Guta. Ninyi mmekaa chini kunisoma, basi ninyi nitawasimulia, mradi msiniharakishe.

Kidole hiki kilikuwa na kazi yake nilipokuwa na miaka kumi. Mama yangu alipika pombe, na si pombe ya mtungi tu ya kunywa siku hiyohiyo na kumwaga machicha kwa kuku. Alipika pombe ya ulezi, akaitia kwenye chupa, akaifunga kizibo, na baada ya siku kadhaa ukiifungua inatoa gesi, pssss, na povu linapanda shingoni. Kijiji kizima hakukuwa na mwingine aliyeiweza. Kabla hajaolewa alifanya kazi jikoni kwa mapadri Nyegina, na huko alikuwapo padri mmoja mzee wa Kizungu aliyekuwa na hamu ya pombe ya kwao. Alijitengenezea mwenyewe, na Mama alikuwa akimshikia chupa. Padri aliporudi kwao kuzeeka alimwachia Mama kifaa cha chuma chenye mpini mrefu, cha kubania vizibo. Baba alipenda kusema kwamba mzee yule alibeba kila kitu chake hadi mwavuli, lakini chuma kile kilimshinda uzito. Hata katekista wetu, aliyekuwa mkali sana juu ya ulevi, alikunywa chupa za Mama bila wasiwasi, kwa kuwa asili ya pombe ile ilikuwa misheni.

Harufu yake ninayo mpaka leo. Kwanza ulezi uliolowekwa na kutandazwa juu ya magunia, ukifunikwa na majani ya migomba hadi uote vijimizizi vyeupe; ule unanukia udongo wa baada ya mvua. Kisha kimea kilichokaushwa na kusagwa, kinanukia mkate. Halafu uji wenyewe jikoni, moshi, na Mama na mwiko wake tangu alfajiri, kanga imefungwa kiunoni, uso umelowa jasho. Alikuwa mtu wa kuchoka, Mama yangu. Alichoka hivi kwamba sikujua kama kuna namna nyingine ya kuwa mama. Alilima, aliteka maji, alikaanga samaki, alipika pombe za watu, na nilipomwambia jambo lolote alijibu neno moja tu bila kugeuka: "Nimesikia." Mara nyingi niliona wazi kwamba hakusikia.

Pombe ikishachujwa ilikaa mtungini siku kadhaa. Mama alikuwa akiinama na kuweka sikio mdomoni mwa mtungi. Kama bado ilikuwa ikichemka chinichini, alisema, "Bado inaongea. Pombe inayoongea huifungi mdomo." Ikinyamaza, ndipo tulipoitwa. Vizibo tulikuwa tumeviokota nyuma ya baa za Bunda mjini, tukavinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe na kuvichemsha. Chupa zilipangwa mstari uani. Mimi niliweka sukari, kijiko kimoja cha chai kwa kila chupa, kilichosawazishwa kwa kidole. Dada yangu Nyanjura alimimina pombe kwa mrija. Mama alibana vizibo. Sukari ile ndiyo iliyoamsha gesi, na sheria yake ilijulikana hata kwa mbuzi wetu: kijiko kimoja ni kinywaji, viwili ni msiba.

Zikishafungwa, chupa zilikaa siku tatu au nne mahali penye joto kidogo, pembeni mwa jiko, ili gesi ipande. Baada ya hapo zilishushwa shimoni. Shimo lilikuwa ndani ya stoo, limejazwa mchanga wa ziwani, na mchanga ulinyunyiziwa maji asubuhi na jioni. Chupa zilisimama humo zimezama hadi shingoni, na zilitulia hata mwezi. Mama aliita hivyo kuzilaza. Pombe isiyolazwa kwenye ubaridi huendelea kupanda gesi hadi chupa inashindwa.

Utajuaje kwamba gesi imetosha na chupa ni ya kioo? Hapo ndipo penye kidole changu. Tulikuwa na chupa moja ya plastiki, iliyotupwa na watalii barabara ya kwenda Serengeti. Enzi zile ilikuwa kitu cha kutunza. Ilijazwa pombe ileile, sukari ileile, ikafungwa na kuwekwa pamoja na wenzake. Mama aliiita Shahidi. Kila asubuhi kabla ya shule nilimbonyeza Shahidi ubavuni na kutoa taarifa. "Mama, bado laini." "Nimesikia." Siku Shahidi alipokaza hata kidole kisizame, nilisema, "Mama, imekaza," na kabla jua halijapanda chupa zote zilikuwa zimelazwa mchangani. Miaka yote ile haikupasuka chupa hata moja.

Sasa, mwaka ninaousema, Nyanjura alikuwa amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Alikuwa na miaka kumi na saba. Alisoma kwa kibatari, na ukuta wa upande wake wa kitanda ulikuwa mweusi kwa moshi. Alitaka ualimu. Hilo alilisema tangu mdogo, na alinifundisha mimi kama darasa zima, hata fimbo alikuwa nayo. Lakini kaka yake Baba, tuliyemwita Baba Mkubwa Mafuru, alikuwa amempatia mchumba, mwenye ng'ombe wengi huko Nyamuswa. Mtu mzima, mke wake wa kwanza alikuwa amefariki. Baba Mkubwa ndiye aliyekuwa na sauti katika ukoo. Baba yangu alikuwa mpole, na mpole mbele ya kaka yake huwa kama hayupo.

Mama alisema mbele yangu mara moja tu, akimpa Baba ugali, "Si tungengoja matokeo?"

Baba akatazama sahani. "Kaka ameshasema," akajibu. "Watu wameshapewa siku."

Basi ikabaki pombe. Kwetu wazee wa pande mbili hawaketi kuzungumza posa bila pombe ya mama wa binti, na pombe hiyo lazima itokane na ulezi wa shamba lake mwenyewe. Ulezi wa kununua haukubaliki, wala wa kuazima kwa jirani. Wanasema mama anayetoa ulezi wa mwenzake ametoa mtoto wa mwenzake. Kwa kawaida pombe hiyo huletwa mtungini. Ila Baba Mkubwa alikuwa na majivuno yake. Alikuwa amewatangazia watu wa Nyamuswa kwamba kwa shemeji yake watakunywa pombe ya chupa, yenye gesi, tena baridi. Akaja mwenyewe kumwambia Mama: "Shemeji, mtungi usiuonyeshe kabisa. Chupa peke yake. Wajue wamefika kwa watu."

"Nimesikia," Mama akasema.

Alipika ulezi wote uliokuwa umebaki ghalani. Nakumbuka alivyokung'uta gunia hadi punje za mwisho. Nilidhani ni kwa ajili ya heshima ya wageni.

Siku ya kujaza chupa, Nyanjura alikuwa akilia. Hakutoa sauti. Alishika mrija, machozi yanateremka hadi kidevuni, na anageuza uso yasiingie kwenye pombe. Nilimtazama yeye badala ya kutazama kijiko. Nilipozinduka sikujua nimefika chupa ipi. Nikaanza tena mahali nilipodhani ni sahihi, na moyoni nilijua kwamba kuna chupa tatu au nne zimepata vijiko viwili. Nilipaswa kusema. Lakini Mama alikuwa kwenye chuma chake, anabana na kufuta jasho, na nikaogopa kumwongezea kazi. Nikanyamaza.

Safari hiyo Mama hakuweka chupa pembeni mwa jiko. Alisema pale panahitajika kwa kuni za wageni. Alizipanga juu ya kichanja ndani ya stoo, karibu kabisa na bati, na Shahidi pamoja nazo. Ilikuwa Februari. Mnaijua Februari ya Guta, mvua imekata, ukigusa bati mchana unaacha ngozi.

Siku ya pili asubuhi nilipanda juu ya kinu nikambonyeza Shahidi. "Mama, imekaza." Mapema hivyo haikuwahi kutokea, na nilijua sababu; sukari yangu. Mama alikuwa akifagia. "Nimesikia," akasema, akaendelea kufagia. Nilisubiri aanze kuzishusha. Hakuanza. Siku ya tatu Shahidi alikuwa amevimba hadi kitako kimejaa, hasimami vizuri. "Mama, imekaza sana." "Nimesikia, Nyasatu. Nenda shule." Siku ya nne, Jumamosi, nilimwambia karibu nikilia, "Mama, imekaza kama jiwe!" Akanitazama kidogo. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu asiyelala. Nikasema moyoni, amechoka, hanisikii tena.

Akatuita sote, mimi, Nyanjura na wadogo zetu wawili. Akatupa ndoo. "Nendeni ziwani mlete mchanga wa kulazia chupa. Mwende wote. Msirudi mbiombio, kogeni huko." Baba alikuwa shambani. Nikafurahi. Hatimaye amenisikia, nikawaza, zitalazwa leo. Ila nakumbuka nilishangaa kidogo, maana mchanga wa shimoni tulikuwa tumeubadilisha wakati wa Krismasi na ulikuwa safi tu. Mtoto hamwulizi mama mambo kama hayo.

Tulikuwa njiani kurudi, ndoo kichwani, maji ya mchanga yanatuchuruzikia shingoni, jua la saa saba. Tukasikia mlio. Kisha mwingine. Kisha ikawa kama bisi zinazorukaruka sufuriani, ila za jitu. Mdogo wetu wa mwisho akacheka. Mimi nilijua. Nikaongeza mwendo, lakini ndoo sikuitupa.

Tulipofika uani, pombe ilikuwa inatoka chini ya mlango wa stoo na kuku wameshaanza kuinywa. Harufu ya ulezi na sukari ilijaa hadi kwa jirani. Ndani, vioo vimechoma ukuta wa udongo, vingine vimekwama kwenye mbao za paa. Chupa ambazo hazikupasuka zenyewe zilipasuliwa na vioo vya nyingine. Na Mama alikuwa wapi? Alikuwa mwisho kabisa wa ua, mbali na stoo, amekaa juu ya kinu kilicholazwa, mikono mapajani. Sikuwahi kumwona amekaa mchana. Hakuwa akilia wala kushika kichwa. Alituhesabu kwa macho, mmoja mmoja.

"Mwageni mchanga hapohapo mlangoni," akasema. "Hauna kazi tena."

Wazee wa Nyamuswa walikuja Jumatatu kama walivyopanga, makoti mazito na fimbo zao. Baba Mkubwa alikuwa amebadilika rangi. Mama alitoka akapiga magoti mbele yao, nami nikiwa nimejificha nyuma ya mlango, nasubiri anitaje. Akasema, "Wazee wangu, mnisamehe. Pombe imenikataa. Mkono wangu umekosea." Akamiminiwa matusi palepale. Baba Mkubwa alisema mambo ambayo siyaandiki. Alisema wamepewa mwanamke wa jikoni kwa mapadri asiyejua hata kupika. Baba yangu alitazama chini. Wageni wakapewa chai ya rangi, wakainywa kwa nyuso za watu wanaokunywa dawa, na posa hazizungumzwi juu ya chai. Mzee wao akauliza kama kuna ulezi mwingine. Mama akasema hakuna, hadi mavuno. Mzee akainuka. "Basi tutangoja mavuno," akasema, na kwa sauti yake ulijua hawatangoja.

Kabla ya mavuno matokeo yakatoka. Nyanjura alifaulu, akachaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Yule mwenye ng'ombe alishapata mke kwingine. Leo dada yangu ni mwalimu mkuu wa shule moja Butiama, na bado anazo fimbo zake.

Mama hakupika tena pombe ya chupa. Hakuombwa. Kisimani wanawake walimtania, "Mama Nyanjura, leo hujabeba bomu?" na akacheka nao. Harusi za kijiji walialika wapishi wa Bunda. Katekista akarudia ukali wake. Chuma cha padri kilishika kutu nyuma ya stoo. Nami nilikua nikijua kwamba Mama alipokea aibu iliyokuwa yangu. Kila walipomtania nilijisikia kufa. Nilifanya kazi za nyumbani kwa bidii ya mtu anayelipa, na mpaka leo nadhani nimechoka mapema maishani kwa sababu ya vile vijiko.

Alipougua nilimleta hapa Musoma, nikamwuguza mwenyewe. Asubuhi moja namwogesha, mgongo wake umekuwa mdogo mikononi mwangu, nikaona nisimwache aondoke bila kulijua lile jambo. Nikamwambia. Nikamwambia sukari, machozi ya Nyanjura, chupa tatu au nne.

Alijipangusa maji usoni. Kisha akasema, "Zile nne? Nilizionaga siku ileile. Sukari ilikuwa imelala chini, haijayeyuka. Nikazimwaga, nikazijaza upya."

Kitambaa kikaniponyoka.

"Kwani wewe ulikuwaga unafikiri ni wewe?"

"Miaka yote, Mama."

Akanishika mkono kwa vidole vyake vilivyolowa. "Pole, mwanangu," akasema. "Mimi hata sikujuaga." Akaomba nimgeuze upande wa ukutani, amechoka. Nikamgeuza. Sikumwuliza, kama si sukari, zilipasukaje. Nilikuwa nimekasirika kwanza, miaka yangu yote ile bure, halafu nikachoka kukasirika. Kabla ya mwezi kuisha tulimzika Guta.

Baada ya arobaini mimi na Nyanjura tulirudi kusafisha nyumba. Stoo ilikuwa imeegemea upande mmoja. Pale mlangoni nyasi zimeota kila mahali isipokuwa sehemu moja, pana kama mkeka, nyeupe. Nyanjura akachota kwa kiatu chake. "Si ule mchanga wetu?" akasema. "Hivi alitutumia wa nini siku ile? Shimo lilikuwa na mchanga mzuri wa Krismasi."

Nilisimama pale, jua linachoma bati lilelile. Nikaona kichanja, kilicho karibu na bati. Nikaona gunia linakung'utwa hadi punje ya mwisho. Nikaona ndoo nne, na sauti yake ikisema mwende wote, kogeni huko. Nikamwona amekaa juu ya kinu, mbali kabisa na vioo, anatuhesabu. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mimi ndiye niliyekuwa kata, na sikujua chochote.

Nikamweleza dada yangu, polepole, kwa jinsi nilivyoweza. Mwalimu mkuu akakaa chini kwenye mchanga na sketi yake ya kazi. Kisha akaniuliza, "Na wewe ulimwambia kwamba imekaza?"

"Siku tatu mfululizo."

"Akasemaje?"

"Alisema amesikia."